Bipu Moja Njoo, Mbili Usije

Shughuli nzima ilitugharimu mzigo wa lori moja la kenta, mananasi yaliyouzwa kwa bei ya kutupa, laki nne na nusu tulizotoa kuwafidia wenye mzigo, na salamu ya mama mmoja wa Fukayosi. Nimehesabu mara mbili, maana ndivyo soko lilivyonilea, na mara zote mbili hiyo salamu ndiyo iliyotoka ghali. Mananasi yana bei, fidia ina risiti. Lakini mtu aliyezoea kukuitikia "marahaba baba, habari za mjini, watoto hawajambo?" leo anakuitikia "marahaba" tu na kugeukia jembe lake, huyo utamlipa kwa noti gani?

Kabla ya kuitwa mkurugenzi, nilikuwa dalali wa mananasi. Sioni haya kulisema, ingawa pwani hii ukitaja udalali watu wanashika mifuko yao. Nilikuwa natoka Bagamoyo mjini asubuhi, nazunguka mashamba ya Fukayosi, nanunua nanasi likiwa bado shambani, nauza Dar. Na wakulima tulikuwa na lugha yetu ya simu. Hakuna mkulima mwenye akili timamu atakayetumia salio lake kumpigia dalali. Dalali ndiye anayekula, basi dalali ndiye apige. Wao walikuwa wanabipu. Simu ikilia kidogo ikakatwa, maana yake mzigo uko tayari, njoo. Ikilia tena papo hapo, bipu ya pili, maana yake usije: njia imeharibika, au kuna msiba, au mwenye shamba amegombana na mumewe na mananasi yamo ndani ya ugomvi. Sheria hiyo hatukuitungia kikao. Ilijikata yenyewe, kama njia ya mkato katikati ya shamba la mtu.

Aliyeniharibia maisha ni shemeji yangu. Mdogo wangu wa kike ameolewa na mtu wa bara, fundi wa mambo ya kompyuta, na siku moja ya Idi tulikuwa kwangu tunakula pilau simu yangu ikawa inalia na kukatika, inalia na kukatika.

"Shemeji, unakimbizwa na madeni?" akaniuliza.

"Si madeni. Mananasi hayo."

Nikamweleza. Akaacha kula. Nyinyi mmewahi kumwona mtu wa bara akiacha pilau la Idi? Mimi nilimwona siku ile.

Wazo lake lilikuwa rahisi, na ubaya wa wazo rahisi ni kwamba huna pa kulikatalia. Wakulima wote wabipu namba moja. Namba hiyo ishikwe na programu, si mtu. Programu inaitambua simu ya mkulima, inajua shamba lake liko wapi, inampelekea dereva ujumbe: nenda kwa fulani, mzigo uko tayari. Mnunuzi wa Dar ameshajulikana, bei imeshajulikana, mkulima anakatwa nauli na kiasi kidogo cha huduma.

"Na dalali je?" nikamuuliza.

"Dalali wa nini tena? Wewe utakuwa mkurugenzi."

Sijawahi kuuawa kwa adabu namna ile.

Tukaenda Fukayosi kuonana na kikundi cha akina mama wa mananasi. Mwenyekiti wao ndiye huyo mama wa salamu. Ni mtu mzima, mfupi, sauti ya taratibu, na katika miaka yangu yote ya kununua mananasi ni yeye peke yake aliyewahi kunifanya niongeze bei bila kutukanana. Alimsikiliza shemeji mpaka mwisho. Shemeji alieleza wingu, akaeleza kompyuta za kukodi zilizo nchi za mbali, akaeleza kwamba kila kitu kitajiendesha. Mama akanigeukia mimi.

"Baba, mashine hiyo inakuja?"

"Gari ndilo linalokuja, mama. Mashine inaliita tu."

"Haya. Tunawapa msimu mmoja. Lakini sikilizeni. Mzigo wetu mmoja ukituharibikia barabarani kwa sababu yenu, tunarudi kwa madalali. Dalali anatuibia, hilo tunalijua. Lakini anakuja."

Nikasema tumekubaliana. Nilikuwa nimeshawahi kukubali masharti mabaya zaidi ya hayo, na kwa watu wabaya zaidi.

Wiki za mwanzo zilienda vizuri hata nikaanza kuvaa shati la kuchomekea. Halafu siku moja huduma ikazimika asubuhi, ikajiwasha yenyewe adhuhuri, na sisi hatukujua lolote mpaka dereva alipokuja kutuuliza kama tumefunga biashara. Bahati siku ile hakukuwa na mzigo. Shemeji akashikwa na hofu. Akasema tunachokosa ni dashibodi: kioo kikubwa ukutani kinachokuonyesha huduma inavyopumua. Bipu ngapi zimeingia, kompyuta imechoka kiasi gani, nafasi iliyobaki ni ngapi. Jambo likiharibika, kioo kinageuka chekundu na kengele inakuja kwenye simu zetu kama ujumbe.

"Kuitengeneza ni bei gani?"

"Hatutengenezi. Kampuni tunayokodi kwao wana violezo, vimeshapangwa kila kitu. Unachagua, unabonyeza, kwisha."

"Na kiolezo?"

"Bure."

Mimi nimekulia sokoni, na bure naijua sura yake. Bure ni kitu unachokilipia kwa mfuko mwingine. Lakini nilinyamaza, kwa sababu mkurugenzi hatakiwi kuonekana mshamba.

Tukanunua televisheni iliyotumika, tukaitundika kwenye fremu yetu, chumba cha duka tulichopanga karibu na soko, baina ya fundi cherehani na mama anayeuza chapati. Shemeji akafungua orodha ya violezo. Kulikuwa na cha maduka, cha mabenki, cha shule, cha hospitali. Cha watu wa mananasi wanaobipu hakikuwepo. Akachagua kinachokaribia: huduma ya simu kwa wateja. Tulidhani ni kubonyeza mara moja. Ilituchukua siku nzima na nusu ya siku iliyofuata, na sehemu kubwa ilikuwa kujibu maswali ya mtu tusiyemjua na asiyetujua.

Wahudumu wenu wanaopokea simu ni wangapi? Hatuna. Hakikubali sifuri. Shemeji akaandika mmoja, nikajua huyo mmoja ni mimi. Mteja anasubiri kwenye foleni kwa muda gani? Hakuna foleni. Kiolezo kikataka namba. Akaandika moja. Wastani wa maongezi ni dakika ngapi? Hapo nilicheka hata fundi cherehani akachungulia.

"Mwambie hatuongei," nikasema.

"Hakuna pa kuandikia hatuongei."

Mwisho kikasimama ukutani, vijidirisha kumi na viwili. Nikavihesabu mara mbili. Vilivyotuhusu vilikuwa vitano. Saba vilikuwa vya biashara ya mtu mwingine, kimojawapo kilikuwa kinasubiri kutuonyesha wateja wetu wameridhika kwa nyota ngapi. Nikataka vifutwe. Shemeji akasema ukifuta kimoja vingine vinasogea na kuharibika mpangilio, tuviache tu. Vingine vilikuwa vya kijivu. Nikauliza kijivu ni nini.

"Hakuna taarifa."

"Hakuna taarifa ni nzuri au mbaya?"

"Kiolezo kinaihesabu nzuri."

Nilipaswa kusimama hapo hapo. Nimenunua mananasi miaka yote hiyo na sijawahi kuhesabu tunda ambalo sijaliona kuwa ni zima. Lakini kioo kilikuwa kinang'aa, na mama wa chapati alikuwa amesimama mlangoni anasema, "Eh, kama uwanja wa ndege!" Nikajisikia vizuri.

Kesho yake asubuhi kikawa chekundu. Si kijidirisha kimoja. Ukuta mzima kama bucha. Simu yangu ikaingia ujumbe, ya shemeji ikaingia ujumbe: hali mbaya, simu za wateja hazipokelewi. Baada ya dakika chache, tena. Tukafungua, tukachungulia, hakuna kilichoharibika. Dereva alikuwa amepata ujumbe wake na yuko njiani. Tatizo lilikuwa bipu. Kila mkulima alipiga, simu ikakatwa bila kupokelewa, kama tulivyotaka. Aliyetengeneza kiolezo, huko aliko, kwake simu isiyopokelewa ni mteja aliyedhulumiwa. Kwetu simu isiyopokelewa ni mazungumzo yaliyokwisha.

Shemeji akawaandikia watu wa msaada wa ile kampuni, akawaeleza kubipu ni nini, aya tatu za Kiingereza safi. Jibu likaja upesi: asante kwa kuwasiliana nasi, tunasikitika kwamba wateja wako hawapokelewi, tunakushauri uongeze wahudumu. Nikamwambia hilo nalo ni kiolezo. Hakucheka.

Wiki nzima kengele zikawa zinaingia. Nikiwa msikitini, zinaingia. Kwenye msiba wa jirani, zinaingia, watu wananitazama. Mke wangu akaniuliza huyo anayenitumia ujumbe kila saa ni nani, nikamwambia ni kompyuta, akasema haya. Ile haya ya wanawake wa Bagamoyo, ambayo haimaanishi haya.

Siku ya saba nikamwambia shemeji jambo hili tulimalize.

"Kinalia kwa sababu gani?"

"Kuna kikomo. Zisizopokelewa zikizidi tano kwa mia, kinalia."

"Tano ndogo. Weka hamsini."

"Shemeji, hizi si karanga."

"Kila kitu karanga. Weka hamsini."

Akaweka hamsini. Hatukumaliza chai, kikalia.

"Themanini," nikasema.

"Nyinyi watu wa pwani, hata simu mnaikata kabla haijafika, halafu mnataka mashine iwaelewe."

"Na nyinyi wa bara mnaongea mpaka salio linaomba maji. Themanini."

Kikalia. Tisini. Kikalia. Akasema aweke tisini na tisa, nikamwuliza hesabu alifundishwa na nani. Hakuna bipu hata moja inayopokelewa, ni mia kwa mia, tisini na tisa italia tu.

"Basi mia," akasema. "Lakini ukiweka mia hakitalia kamwe. Hakuna kinachozidi mia."

"Sasa si ndicho tunachotaka?"

Akanitazama kidogo, kisha akabonyeza. Ukuta ukawa kijani. Nilijiona nimefanya biashara nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya: nimejadiliana na mashine, mashine imeshuka bei mpaka bure.

Kijani kikakaa. Kikakaa mpaka nikakizoea, nikawa naingia asubuhi, natupa jicho ukutani, naagiza chapati. Zamani, nilipokuwa dalali, nilikuwa najua siku ya mzigo kwa vitu vingine: mvua ya juzi, nani alikuwa anatafuta vibarua wa kukata, mama gani hakuonekana sokoni. Nilikuwa nabeba Fukayosi nzima kichwani. Sasa nilikuwa nimeitundika ukutani, kichwa nimekipumzisha.

Asubuhi ile dereva alipita fremuni saa nne hivi, funguo mkononi.

"Bosi, leo hakuna kitu? Sijaona ujumbe."

Nikaangalia ukuta. "Hakuna. Si unaona mwenyewe, kijani tupu."

"Maana kuna jamaa ana saruji ya kupeleka Lugoba."

"Nenda kajitafutie. Kukiwa na kitu utaona ujumbe."

Akaenda Lugoba. Nilimpungia mkono kabisa.

Alasiri simu yangu ikalia, na haikukatwa. Ilikuwa simu ya kweli, ya kulipiwa, na aliyepiga alikuwa dalali mwenzangu wa zamani. Nikajua kuna jambo. Yule hatumii salio lake kwa mapenzi.

"Mkurugenzi!" akaanza, anacheka. "Uko wapi, mkurugenzi?"

"Ofisini. Unasemaje?"

"Mama yako huyu hapa Fukayosi, amekaa kando ya barabara juu ya mzigo tangu asubuhi. Wamekata wote, kikundi kizima. Nimempa bei anakataa. Namwambia mama, hilo jua litakuivishia mananasi hapo hapo. Anasema ameshabipu."

"Amebipu saa ngapi?"

"Muulize mwenyewe. Mimi nasubiri bei ishuke." Akakata.

Nikachukua bodaboda. Njia nzima nilikuwa nampigia dereva, hapatikani. Nilipofika nikamkuta mama amekaa kwenye kivuli cha kanga aliyoitundika juu ya vijiti viwili, nyuma yake mananasi yamerundikwa vizuri, vichwa vyote upande mmoja, na akina mama wengine wanne wamekaa kimya. Ukimya wa wanawake watano ni kitu kizito kuliko kenta.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Mama, ulibipu?"

"Nilibipu. Mara moja, jua halijatoka sawasawa."

"Mbona hukubipu tena ulipoona kimya? Au kunipigia?"

Akanitazama kama mtu anayekagua iwapo tunda limeoza au ni doa tu.

"Baba, bipu ya pili maana yake nini?"

"Usije," nikasema.

"Nilibipu moja, nikaifunga simu kwenye pindo la kanga. Sikuigusa tena. Niliogopa isije ikajibonyeza ikawa mbili, gari likageuzwa njiani. Mwanangu wa Dar amepiga, sikupokea. Huyu dalali amekuja mara tatu, nikamwambia nimeshabipu, gari linakuja." Akaifungua simu kutoka kwenye pindo. "Kumbe nalinda simu."

Mnunuzi wa Dar alitaka mananasi yale siku ile ile, yaliyoiva kwa ajili ya juisi. Ya kesho, yaliyopigwa jua mchana kutwa, alisema hayataki hata kwa nusu. Dalali aliyachukua jioni. Bei aliyotoa siiandiki, kwa sababu ni bei ambayo mimi mwenyewe ningetoa zamani zile, na ningetoka pale napiga mluzi.

Shemeji alikwisha kujua sababu kabla sijarudi. Bipu ziliingia zote, salama salimini; hata ukutani namba yake ilikuwepo, mimi niliangalia rangi tu. Kilichoshindikana ni ujumbe wa kwenda kwa dereva. Bando la ujumbe lilikuwa limekwisha. Na lilikwisha kabla ya siku zake kwa sababu ile wiki ya kengele, kila kengele ilikuwa ni ujumbe, mmoja kwangu na mmoja kwake, na zote zilitoka kwenye bando lile lile. Kengele zilikula chakula cha gari.

"Na kioo hakikuona?"

"Bando ni la kampuni nyingine. Kiolezo hakina kijidirisha cha bando. Kijidirisha cha ujumbe unaotoka kilikuwa kijivu."

"Kijivu, yaani hakuna taarifa."

"Ndiyo."

"Yaani nzuri."

"Shemeji, kiolezo kimefanya kazi yake kama kilivyopangwa."

"Kazi ya nani?"

Akaanza kubonyeza. Sikumlaumu sana. Yeye alikiamini kiolezo kwa sababu alisoma. Mimi nilikiamini kwa sababu kilikubali kushuka bei. Sijui ni kipi kibaya zaidi. Nilichojua ni kwamba nilikuwa na hasira, na mtu wa kumkasirikia alikuwa nchi ya mbali, hajui hata kama nipo, na ameniandikia asante.

Sasa tumekivunja kile kioo. Vijidirisha vyote kumi na viwili vimeondoka na mpangilio wao. Mahali pake kuna kimoja tu, shemeji amekitengeneza kwa mkono wake: bipu zilizoingia upande huu, ujumbe uliomfikia dereva upande ule. Zikitofautiana, kinalia, na kulia kwenyewe kunapita njia nyingine, si bando la dereva. Kimekaa wiki kadhaa kwa bipu chache za vijiji vingine na hakijatudanganya. Nakihesabu asubuhi, nakihesabu tena mchana kwa kichwa changu, na namwuliza mama wa chapati kama amesikia nani anatafuta vibarua.

Lakini kikundi cha Fukayosi hakijarudi. Nilienda na laki nne na nusu, wakazipokea, wakazihesabu, wakanishukuru. Nikawaeleza kijidirisha kipya. Mama akasikiliza mpaka mwisho kama alivyosikiliza mara ya kwanza, halafu akatoa sharti.

"Nikibipu, na wewe unibipu. Wewe, kwa mkono wako, siyo hiyo mashine. Nikiona bipu yako najua mtu amesikia. Nisipoiona kabla chai haijachemka, nauza kwa atakayekuwa amesimama mbele yangu, na mzigo ule msinidai nauli wala huduma."

Nikajaribu kujadili. Nikasema mashine iwabipu yenyewe, ni rahisi, wala hawatatofautisha. Akasema, "Wewe utatofautisha." Nikaomba muda uwe mrefu zaidi ya chai. Akasema chai yake huwa ya kuni mbichi, nisiwe na wasiwasi.

Shemeji hataki kabisa. Anasema, na hakosei, kwamba kikundi kina wakulima zaidi ya arobaini, msimu ukipamba moto wanabipu wote pamoja alfajiri; mimi nitakuwa nimekaa na simu nabipu mmoja mmoja kama kichaa, nitasahau mmoja, na huyo mmoja ndiye atakayetumaliza. Na vijiji vingine vikisikia vitataka hivyo hivyo. "Basi mfumo wa nini?" anasema. "Rudi kwenye udalali, angalau ulikuwa unapata usingizi." Nikikataa lakini, wale mama wanarudi kwa yule jamaa anayesubiri bei ishuke, na bila Fukayosi sisi hatuna mananasi, tuna televisheni.

Kikao chao ni Jumamosi na wanataka jibu la ndiyo au hapana, hawataki maelezo. Nimelipiga hesabu mara mbili na majibu yamekuja mawili. Nyinyi mliowahi kuvunja imani ya mteja na bado mkafanya naye kazi, nishaurini kabla ya siku hiyo: nikubali sharti la mama kama lilivyo, au kuna mahali pa kulishusha ambapo sipaoni?